Spika za studio: pima chumba kabla ya kutuma hela Kariakoo

Mdogo wangu unayeanza studio nyumbani hapa Tabora, iwe Isevya, Ipuli au Kanyenye, swali lako la kwanza huwa ni aina ya spika. Mimi huanza na futi kamba. Pima chumba urefu, upana na kimo hadi darini, andika namba hizo, ndipo tuzungumze habari za Yamaha na JBL. Spika haifanyi kazi peke yake. Sauti inayokufikia sikioni imetoka kwa spika na kwa chumba, na katika vyumba vyetu vya matofali na sakafu ya saruji, chumba huchangia kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Monita za studio, yaani spika za kumiksia, za siku hizi nyingi zina amplifaya ndani ya boksi, kwa hiyo huhitaji amplifaya ya pembeni. Zilizo nzuri zina amplifaya mbili katika kila boksi, moja ya wufa (spika kubwa ya besi) na moja ya twita (spika ndogo ya sauti za juu), na kabla ya hapo kuna saketi inayoigawa sauti: besi huku, sauti za juu kule. Kiwandani wameshalinganisha amplifaya na spika yake, wewe hubahatishi. Yamaha HS5 ina wati 45 za wufa na wati 25 za twita. Asikutishe mtu kwa sababu sabufa ya sebuleni kwake imeandikwa maelfu ya wati kwenye boksi. Zile ni namba za kuuzia. Wewe utakaa mita moja tu kutoka kwenye spika, na kwa umbali huo wati 70 za kweli zinakutosha na kubaki.

Sabufa ndiyo inayoharibu kazi nyingi za vijana wetu, kwa hiyo tuiseme vizuri. Imetengenezwa ili muziki upendeze sebuleni: besi imepandishwa, sauti za juu zimepandishwa, katikati pameachwa panyonge. Sasa chukua kwaya ya kanisani uimiksi kwenye sabufa. Unasikia besi imejaa, unaipunguza. Unaona sauti ya pili na ya tatu zimefifia, unazipandisha. Wanakwaya wakiucheza wimbo kwenye simu au kwenye bajaji, besi haipo na wale wa sauti ya tatu wanapiga kelele masikioni. Mwalimu wa kwaya anakulaumu, na ukirudi kwenye sabufa yako kusikiliza, huoni kosa lolote. Utamiksi upya mara ngapi, matokeo yatakuwa yaleyale, kwa sababu unarekebisha kasoro ambazo hazimo kwenye wimbo.

Monita hujaribu kukupa kile kilichorekodiwa, bila kuongeza utamu. Ndiyo maana siku ya kwanza inaonekana kavu, na kuna vijana wanaotaka kuirudisha dukani wiki hiyohiyo. Usiirudishe. Ipe masikio yako muda. Kila siku sikiliza nyimbo unazozijua vizuri, ambazo umeshazisikia kwenye harusi, kwenye mabasi na redioni, mpaka uzoee kiki (ngoma ile ya besi) inakaaje na sauti ya mwimbaji iko mbele kiasi gani kwenye spika zako. Huko ndiko kujifunza spika, na hakuna spika isiyohitaji kujifunzwa.

Turudi kwenye futi kamba. Vyumba vingi tunavyopanga ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu kwa tatu. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni mita tatu lina masafa ya kama hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, na wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi na kujijumlisha. Ukisimama ukutani linavuma, ukisimama katikati ya chumba linapotea. Sasa angalia: hapohapo karibu na hezi 57 ndipo kiki za bongo fleva zinapokaa, na noti za chini za gitaa la besi zinapita hapo, maana waya wake mnene huanzia hezi 41. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinavuma kwenye masafa yaleyale. Dari nayo ikiwa mita tatu, umejikusanyia matatizo matatu mahali pamoja. Ukiwa na uhuru wa kuchagua chumba, chukua chenye urefu uliozidi upana, na spika zipige kufuata ule urefu wa chumba.

Kwa sababu hiyo, kwa chumba cha futi kumi nasema monita yenye wufa ya inchi tano, na huwa nasisitiza. Kwa vipimo vya Yamaha wenyewe, HS5 hushuka hadi hezi 54, HS7 hadi 43, HS8 hadi 38. Kijana akiona hivyo anaitamani HS8, tena hela anayo. Katika chumba kikubwa ni sawa kabisa. Katika futi kumi, besi ile ya ziada inamwagwa mahali ambapo chumba tayari kinavuma, na unachosikia si wimbo, ni kuta. Tofauti ya bei kati ya inchi tano na inchi nane ningeipeleka kwenye mbao, mablanketi na nyaya nzuri, na miksi yako ingekuwa bora kuliko ya mwenye HS8 kwenye chumba kitupu.

Kwa atakayerekodi zaidi kwaya, mashairi na sauti za watu, chaguo langu ni HS5, kwa kuwa katikati pake panaonyesha kila kitu, hata pumzi na herufi "s" inayochoma. Kwa mtengeneza biti ningemwelekeza JBL 305P MkII, ambayo ni inchi tano lakini hushuka hadi hezi 43. KRK Rokit 5, ile yenye koni ya njano, inapendwa sana na vijana wa biti; besi yake huelekea kuwa nene kidogo, kwa hiyo anayeinunua ajue hilo asije akapunguza besi kupita kiasi. Mfuko ukiwa mwembamba au chumba kikiwa kidogo sana, PreSonus Eris ya inchi tatu na nusu itakuanzisha. Kwa chini huishia hezi 80 hivi, na amplifaya ziko kwenye boksi moja tu linaloilisha lile la pili kwa waya. Sauti za watu utazimiksi vizuri. Kiki na besi zikague kwenye hedfoni.

Kwenye kununua, jambo la kwanza ni kuuliza kama bei uliyotajiwa ni ya moja au ya jozi. Monita nyingi, HS5 zikiwemo, huuzwa mojamoja, na watu wametuma hela wakapokea boksi moja. La pili ni umeme. Mwombe muuzaji apige picha lebo ya nyuma, pale waya unapoingia. Unatafuta namba 220 hadi 240, au maandishi ya 100 hadi 240 yanayokubali popote. Zipo spika zilizotumika zinazoingia kutoka Marekani zikiwa na 120 peke yake. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, unaiunguza siku hiyohiyo. Kubadilisha plagi hakubadilishi kilichomo ndani. Omba pia video fupi ya kila spika ikicheza peke yake, zote mbili kwa wimbo mmoja, na wakati inacheza kamera isogee mpaka karibu na twita.

Mzigo ukija kwa basi, uje ndani ya boksi lake la kiwandani, na nje yake boksi jingine. Ukifika stendi usisaini ukaondoka. Fungua, washa tochi ya simu, mulika twita. Kile kikuba laini katikati hakitakiwi kubonyea hata kidogo, na kidole cha mtu yeyote, pamoja na chako, kisikiguse. Angalia skrubu: zikiwa zimekwaruzwa, kuna aliyeshafungua kabla yako.

Nyaya wengi hawazitilii maanani, nazo ndizo zinazoleta ule mvumo wa "mmmm" usioisha. Chukua waya wa jeki, tazama ncha yake ya chuma. Yenye pete moja nyeusi ni ya gitaa. Yenye pete mbili nyeusi ndiyo unayoitaka kutoka kwenye saundi kadi (kile kifaa kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) kwenda kwenye monita, au waya wa kanoni, ile plagi ya duara ya pini tatu. Waya huu hubeba sauti mara mbili, nakala moja ikiwa imegeuzwa. Ikifika kwenye spika, nakala iliyogeuzwa hurudishwa sawa na kujumlishwa na mwenzake, na makelele yaliyodakwa njiani yanafutana yenyewe. Spika zote mbili, saundi kadi na kompyuta zipate umeme kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukiendelea, usiikate pini ya ethi kama mafundi wengine wanavyoshauri. Ile ni kwa ajili ya uhai wako.

Umeme wetu hukatika, na hatari kubwa iko pale unaporudi kwa kishindo. Weka stablaiza au UPS nzuri, na umeme ukikatika, zima spika kwa swichi zake kabla haujarudi. Kila siku washa spika mwishoni, baada ya kompyuta na saundi kadi kutulia. Ukifunga kazi, zima spika kwanza. Ule mlio wa "pwaa" unaotoka ukikosea mpangilio huipiga twita moja kwa moja.

Sasa upangaji. Kamba ya mita moja inatosha: umbali kutoka twita hadi twita uwe sawa na kutoka kila twita hadi kichwani mwako, pembetatu ya pande sawa. Twita ziwe usawa wa sikio. Usikae katikati kabisa ya chumba, pale hezi 57 zinapopotea, wala usiegemee ukuta wa nyuma zinapovuma. Katika chumba cha mita tatu, anza kwa kukaa kama mita 1.15 kutoka ukuta wa mbele, kisha usogee kidogokidogo huku besi inacheza mpaka uone noti zinalingana. Umbali wa kila spika na ukuta wa pembeni ulingane kulia na kushoto. Nyuma ya spika acha angalau upana wa kiganja, hasa zile zenye tundu la hewa nyuma. Kwa kuwa ukaribu wa ukuta hunenepesha besi, tumia swichi iliyo nyuma: kwenye HS5 ina sifuri, kutoa desibeli 2 na kutoa desibeli 4, na inapunguza sauti za chini ya hezi 500. Katika vyumba vyetu sijaona sababu ya kuiacha kwenye sifuri.

Usiziweke spika juu ya meza ya kompyuta kama unaweza kuepuka, meza nzima huanza kuimba. Tabora mafundi seremala tunao na mninga tunao. Agiza stendi mbili zenye mguu wa boksi, ujaze mchanga mkavu ndani. Haziyumbi, hazitetemi, na zitadumu kuliko spika zenyewe.

Kuhusu trei za mayai, tafadhali. Ni nyembamba mno. Hudaka sehemu ndogo ya sauti za juu, besi inabaki inavuma vilevile, na chumba kinakuwa kizito bila kuwa sahihi. Bora ununue mablanketi mazito ya mitumba. Tengeneza fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10 hadi 15, yapange ndani bila kuyabana sana, funika kwa kitambaa chepesi. Kitambaa kinachofaa ni kile ambacho ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inapita. Pa kuziweka utapajua kwa kioo: kaa kwenye kiti chako, rafiki asogeze kioo taratibu kwenye ukuta wa pembeni. Pale unapoiona twita ndani ya kioo, sauti inagonga hapo na kukurudia. Weka fremu hapo, kulia na kushoto. Fremu nene zaidi, kutoka sakafuni hadi darini, zikae kwenye kona, maana besi hujikusanya konani.

Fanya kazi kwa sauti ya chini. Kipimo changu ni kwamba mtu akiingia tuweze kuzungumza bila kupaza sauti. Kila kitu kinapendeza kikiwa juu, kwa hiyo sauti kubwa haikuambii lolote kuhusu miksi. Pandisha mara moja moja tu kukagua besi, kisha shusha.

Na kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikianza kupiga bati, zima monita. Hakuna uamuzi wa miksi unaoweza kuufanya chini ya kelele ile. Tumia saa hizo kwa hedfoni kusafisha rekodi: kukata vikohozi, kupanga vipande vya sauti, kutafuta milio ya kiti na ya mlango. Maamuzi ya besi na viwango vya sauti yaache mpaka bati litulie.