Kwangu uhai njo wa kwanza, feza ya batu inafuata

Ndugu, umeuliza kila mutu apange kanuni zake, gani ya kwanza gani ya mwisho. Miye zamani nilikuwaga naweka uaminifu juu kabisa, juu miaka mingi bamama ba likelemba yetu (kikundi cha kuchanga feza na kugawana kwa zamu) hapa Birere, Goma, balinipatia feza nichunge na hata dola moja haikupoteaka.

Halafu ikafika Mei 2021. Nyiragongo, ule mulima wa moto, ilitapika tarehe 22, jumamosi mangaribi, lava ikasimama kule Buhene karibu na uwanja wa ndege, tukawaza imeisha, kumbe tarehe 27 asubuhi gavana wa kijeshi akasema sehemu kubwa ya Goma itoke, sababu ule moto ulikuwa umefika chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Tukashika njia ya Sake kwa miguu. Feza ya likelemba, dola 240, nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa tumboni, chini ya kikwembe.

Kufika Mugunga mutoto wa jirani akaanza kuhara na kutapika, macho yameingia ndani, ukimufinya ngozi ya tumbo inabakia imesimama vile. Mama yake hana kitu. Motari, mwenye pikipiki ya kubeba batu, anaomba dola 15 atufikishe hospitali. Nilifungua lile fundo na meno, vidole vilikuwa vinatetemeka sana.

Mutoto aliwekwa serumu, akapona. Turudi Goma, nikabaambia bamama yote mbele hata habajahesabu. Mumoja akaniuliza: «Simu si ulikuwa nayo? Mbona hukutuita?» Nilikuwa nayo kweli. Sikupiga. Ile neno iliniuma kupita deni yenyewe, na deni nililipa miezi tatu.

Kwa hiyo leo: uhai, kisha feza ya batu, kisha kusema mbele sijaulizwa. Heshima niliitosha kabisa kwenye liste, juu niliona mara mingi ilikuwa tu kuogopa midomo ya batu.

Na weye usiandike «uaminifu» hivi hivi, andika kitendo, sawa «feza ya mwenzangu siigusi», halafu kamata mbili uzigonganishe ujiulize utavunja gani. Kupanga ukiwa umekaa nyumbani ni rahisi, mpaka siku kanuni zinagongana zenyewe.

Yule mama aliniuliza juu ya simu angali kwenye likelemba. Ila yake analetaka siku yenyewe ya kugawa, hanipatie tena nimuchungie, na miye simulaumu.