Hapana, sijashushwa cheo: ni dugnad

Mpwa wangu ameona picha nimeshika reki nje ya ghorofa tunaloishi hapa Oslo, Norwe, akaniandikia: "Anko, si ulisema una kazi ya ofisini? Sasa hiyo ya kufagia wanakulipa shilingi ngapi?"

Silipwi hata senti. Hiyo ni dugnad, kazi ya pamoja ya kujitolea. Kila masika, theluji ikishayeyuka, ushirika wetu wa nyumba hubandika tangazo mlangoni, na jioni moja wakazi wote tunatoka kuzoa majani na changarawe iliyomwagwa njiani wakati wa barafu. Daktari anafagia, fundi bomba anafagia. Tukimaliza, soseji na kahawa. Waliokulia msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wanaelewa, ila hapa hakuna mtendaji wa kijiji anayepita na daftari. Ni hiari. Lakini usipotokea, majirani watakuwa wameona, na hawatakuambia kitu. Hicho kimya ndicho faini yenyewe.

Neno ni la kale, limetoka kwenye Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, *dugnaðr*, yaani msaada au tendo jema. Ni ndugu wa kitenzi cha Kinorwe *duge*, kufaa. Zamani wakulima waliitana kuvuna nyasi au kuezeka paa, na mwenye shughuli aliwalisha. Mwaka 2004 lilichaguliwa kuwa neno la taifa katika kipindi cha televisheni ya NRK, shirika la utangazaji la Norwe. Machi 2020, corona ilipoingia, Waziri Mkuu wa wakati huo, Erna Solberg, aliwaomba wananchi wote dugnad. Mimi nilicheka kidogo: aliyevunja karantini alitozwa krone 20,000. Dugnad gani hiyo yenye faini?

Sasa niseme ukweli ambao picha haionyeshi. Siku hiyo jirani atakuuliza umetoka wapi, mtabeba tawi pamoja, mtacheka. Kesho yake mkikutana kwenye ngazi anatazama viatu vyake. Usidhani umepata rafiki. Hata hivyo mgeni nitamshauri aende kila mara, maana ndiyo siku pekee jengo zima linakuona mtu na siyo jina kwenye kengele ya mlango.

Na wewe mpwa wangu, yale maboksi ya karatasi za chooni uliyoyaona sebuleni siyo duka. Timu ya mpira ya binti yangu inachangisha nauli ya mashindano, kila mzazi kapewa mzigo wake auze. Hiyo nayo dugnad. Wenzangu kazini wamenunua kiasi, zilizobaki nimejiuzia mwenyewe.