Wadogo zangu, maelezo ya zana ya kupekua Git anayasoma ajenti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya programu hapa Lubumbashi, mapema au baadaye shefu atawapa zana inayopekua historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la msimbo, na kuwaambia: andika maelezo yake ili ajenti wa akili mnemba, yaani programu inayoendesha amri yenyewe, aitumie. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Ipe muda wake, kwa sababu ajenti hafanani na wasomaji uliowazoea. Mwenzako akikwama atakuuliza mezani au kwa WhatsApp. Ajenti mara nyingi haulizi: huchukua sentensi uliyomwandikia, na palipo na pengo hulijaza kwa kukisia, kisha hulisema kisio lake kama jambo la hakika.

Anza na maswali, amri zifuate. Nani aligusa mstari huu mara ya mwisho? `git blame`. Neno hili liliingia au kuondolewa lini? `git log -S`. Kazi hii ndani ya msimbo (function) imebadilika vipi hatua kwa hatua? `git log -L`. Ongeza kwamba `-S` huangalia kama idadi ya neno kwenye faili imebadilika, hivyo mstari uliohamishwa tu ndani ya faili hilohilo hautaonekana. Hapo `-G` ndiyo inayofaa.

Sasa jambo ninaloomba ulikazie kuliko yote: andika zana isichoweza kuona. Mega za intaneti ni ghali kwetu, kwa hiyo wengi tunanakili repo (hazina ya msimbo na historia yake) kwa `--depth 1`, yaani komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho tu bila historia. Chukua programu ya ankara ya duka la vipuri katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Ndani yake TVA, kodi ya ongezeko la thamani, imeandikwa moja kwa moja, 0.16. Ajenti anaulizwa ni nani aliyeiweka na kwa nini. Anaendesha `git blame`, na mistari yote ya faili inarudi na jina moja, tarehe moja, na alama ya ^ mbele ya namba ya komiti. Anajibu kwamba fulani ndiye aliyeiandika, jana. Kumbe fulani jana alisahihisha herufi mbili kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Git haijadanganya: alama ya ^ inasema upekuzi umefika mwisho wa historia iliyopo hapo. Ila ajenti hakuambiwa kwamba kwenye nakala fupi mwisho huo si mwanzo wa kweli.

Kwa hiyo andika wazi: kabla ya swali lolote la asili ya mstari, endesha `git rev-parse --is-shallow-repository`. Jibu likiwa `true`, usimtaje mwandishi. Sema historia haijakamilika, omba ruhusa ya `git fetch --unshallow`. Ruhusa hiyo ni ya lazima, maana amri hiyo inaweza kumaliza kifurushi cha mtu. Binafsi napendelea `git clone --filter=blob:none`, inayoleta komiti zote na kuacha yaliyomo ya mafaili ya zamani hadi yahitajike. Taja pia gharama yake: `blame` itayafuata kwenye seva, hivyo mtandao ukikatika itakwama.

Jibu tupu nalo lina mtego wake. `git log -S` isipopata kitu haitoi kosa lolote. Inanyamaza na kumaliza salama. Ajenti akiachwa hivyo atasema neno hilo halijawahi kuwepo. Mwambie huenda liko kwenye tawi (branch) jingine, ajaribu `--all`. Huenda nakala ni fupi. Na akitafuta ndani ya ujumbe wa komiti kwa `--grep`, akumbuke kwamba timu zetu huandika Kifaransa, tena mmoja ataweka "corrigé" na mwingine "corrige". `-i` inasawazisha herufi kubwa na ndogo, lakini alama ya juu ya é inabaki kikwazo.

Mengine ni mafupi. Atumie `git --no-pager` asije akakwama kwenye ukurasa unaosubiri kubonyezwa. Aweke kikomo, `-n 20` kwa mfano, na zana iseme pale ilipokata matokeo. Mifano iwe ya matokeo halisi uliyonakili kwenye terminali. Na usisahau usalama: ujumbe wa komiti unaweza kuandikwa na yeyote, kwa hiyo ajenti ausome kama ushahidi, asitekeleze amri iliyoandikwa humo.

Ukimaliza, fungua kikao kipya, mpe ajenti maelezo yako na repo tu, kisha umuulize maswali ambayo majibu yake unayajua. Changanya na moja lisilo na jibu kwenye nakala hiyo. Usitazame jibu peke yake. Tazama amri aliyochagua na sentensi iliyompeleka huko. Akipotea, rekebisha sentensi hiyohiyo. Kuongeza onyo la herufi kubwa mwishoni mwa ukurasa hakusaidii kama sentensi ya juu bado inampotosha.