Propela ya balsa inayojikunja: je, imevunja sheria?

SWALI: Habari za kazi, Injinia. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Moshi, na wanafunzi wangu wanajiandaa kwa mashindano ya ndege ndogo zinazoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, zinazorushwa ukumbini, Arusha. Sheria inasema: "Kipenyo cha propela kisizidi sm 24. Hairuhusiwi kifaa chochote cha kubadilisha pichi au kipenyo wakati wa kuruka." Propela yetu ni ya balsa nyembamba, ule mti mwepesi sana, na mpira ukiwa umekazwa sana mapanga yanajikunja. Mwenzangu anasema tutaondolewa. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Kwa maneno ya sheria uliyoninukulia, hamtaondolewa kwa sababu hiyo. Kilichokatazwa ni kifaa, na balsa kujipinda si kifaa. Hata propela ya plastiki ya dukani hupinda kidogo. Tungekataza kupinda, hakuna ndege ambayo ingebaki.

Lakini mwenzako ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mpira uliokazwa hutoa nguvu nyingi sekunde za mwanzo, ndege ikapaa ghafla na kugonga dari, halafu nguvu inashuka. Pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza hewani, ikiwa kubwa mwanzoni na kupungua baadaye, nguvu hiyo inatumika kwa mpangilio. Ndiyo maana kwenye F1D, daraja la kimataifa la ndege za mpira za ukumbini, propela zinazojibadilisha pichi zinaruhusiwa, na washindani wanazitumia hasa. Mashindano ya wanafunzi huzikataza ili mwenye spring na skrubu ndogondogo asimwache mbali mwenye wembe na gundi tu. Panga lenu, kama upande wake wa mbele ndio unaosukumwa na hewa hadi pichi iongezeke, linafanya kazi ileile bila spring. Mimi naona huo ni ufundi halali.

Mpaka uko kwenye shina la panga. Likiwa limegandishwa kwa gundi na linalopinda ni mti wenyewe, sawa. Mwanafunzi akiweka bawaba ya selotepu, au kipande cha mpira pale katikati ili panga ligeuke na kurudi, hicho ni kifaa, hata kama kina uzito wa unyoya. Kugeuza mapanga kwa mkono kati ya mruko mmoja na mwingine hakumo kwenye katazo, kwa sababu sheria imesema "wakati wa kuruka".

Ningekuwa wewe, ningehofia zaidi kipenyo. Wengi hupima ncha hadi ncha kwa rula, wakapata 24, wakaridhika. Panga moja likiwa na sm 12.3 kutoka kwenye ekseli na la pili 11.7, rula itasoma 24 kamili, ila duara linalochorwa na propela ikizunguka ni la sm 24.6. Kipenyo cha propela ni duara hilo. Chora duara la sm 24 kwenye karatasi ya manila, toboa katikati, chomeka ekseli, zungusha polepole kwa kidole. Ncha ikitoka nje, isugue kwa msasa, kisha hakikisha mapanga bado yana uzito sawa.

Waandikieni waandaaji mapema, mkiambatanisha picha ya shina la panga, na siku ya mashindano njooni na jibu lao lililochapwa. Msimamizi wa mezani akiwa na tafsiri yake, karatasi hiyo itawatetea kuliko maelezo yangu.

Jambo ambalo hukuuliza: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi takriban 850. Hewa ya huku Arusha ni nyepesi kwa asilimia kama 5, hivyo propela ileile itazunguka haraka zaidi na mpira utaisha mapema. Njooni mkiwa tayari kuongeza pichi kidogo, mjaribu kwanza kwa mizunguko michache ya mpira. Na kabla ya kurusha, ombeni pangaboi za ukumbi zizimwe.