Iweke chini kwanza kalamu nyekundu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mhadhiri msaidizi aliyeanza kazi muhula huu: "Mwalimu, wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hawajui kuandika kabisa. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi kwenye kikao cha idara, nikiwa na umri kama wake na kiburi kumzidi.

Mdogo wangu, muhula wangu wa kwanza nilikabidhiwa darasa la wanafunzi 84. Nikawapa insha ya kuhakiki hadithi fupi, kurasa nne. Nikakesha nazo wiki mbili, sikuacha koma wala kosa la upatanisho wa kisarufi, mpaka karatasi zikawa kama zimechinjiwa kuku juu yake. Siku ya kuzirudisha kila mtu alitazama alama, akakunja karatasi. Kipindi kilipoisha nikakuta insha kumi na kitu zimeachwa kwenye viti. Lile lilikuwa tusi, tena la kimya.

Mwisho wa muhula zikaja fomu za tathmini. Mmoja aliandika: "Anajua sana, lakini anajua peke yake." Mkuu wa idara alinisomea kwa sauti, na mpaka kesho nitaamini kwamba alifurahia.

Nilichochelewa kukiona ni kwamba vijana wale walikuwa hodari kweli, hodari wa kujibu mtihani. Wape shairi la tarbia, watakuhesabia mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kazi imekwisha. Wape riwaya, watapanga dhamira tano na mifano yake. Orodha hizo ndizo zilizowafikisha chuo kikuu, kwa hiyo usishangae wakizing'ang'ania. Hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini mtunzi kavunja vina kwenye ubeti wa sita tu.

Kilichoniokoa ni kumsoma I. A. Richards, mhakiki wa fasihi wa Uingereza. Miaka ya 1920, pale Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike walivyoyaona. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929, na yanaonyesha wengi wakijikwaa hata kwenye maana ya wazi kabisa. Nilifarijika, nakiri, faraja ya mtu anayegundua kuwa paa la jirani nalo linavuja. Nikaliiba zoezi lenyewe na kulibadilisha kidogo: shairi moja bila jina, dakika 20, andika ni wapi umekwama. Ulichoelewa tutakizungumza baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kusoma sentensi zenye mtu ndani yake.

Mihula miwili iliyofuata nairuka, ilikuwa ya kujaribu na kuharibu. Siku hizi insha moja inaandikwa mara tatu. Kwenye rasimu ya kwanza siigusi sarufi, naandika maswali mawili pembeni, basi. Ya pili wanasomeana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, na utashangaa makosa mangapi sikio linayanasa bila msaada wako. Alama inakuja kwenye ya tatu. Mwaka huu hakuna hata karatasi moja iliyoachwa kitini, na nimehakikisha mkuu wa idara amelisikia hilo.

Kwa hiyo waandike tena. Darasa ni kubwa? Fupisha insha iwe ukurasa mmoja, halafu waandike tena. Muda hautoshi? Punguza mada moja, waandike tena. Na sisi walimu wa fasihi tuache kusahihisha ili tuonekane tumesoma. Unapomwaga wino ukurasa mzima, jiulize unamwandikia nani, yule mtoto au wenzako wa idara?

Katika lile darasa la 84 kulikuwa na binti niliyemwandikia pembeni neno moja: "Hujasoma." Alikuwa amesoma. Hoja yake ilikuwa kwamba msimulizi wa ile hadithi anatudanganya, ila aliieleza kwa sentensi zilizopinda, nami macho yangu yakaishia kwenye upindaji. Hoja ilikuwa sahihi. Mwaka haukuisha akahama idara. Insha yake ni mojawapo ya zile nilizoziokota kwenye viti, na ninayo mpaka leo.