Kabla Gari la Mwenye Farasi Halijatoka Getini

Kila Desemba ni yale yale. Masanduku yameshaingia kwenye buti, watoto wanagombania dirisha, na mwenye farasi anateremsha kioo cha gari: "Basi nakuachia. Wewe unajua kila kitu." Unaitikia, "Hakuna shida, Madam." Geti linafungwa. Ukigeuka, farasi watano wanakutazama.

Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka ishirini na mmoja, zaidi Karen na Lang'ata, na misimu miwili Naivasha. Nawaandikia nyinyi mnaoanza, ambao mwaka huu au ujao mtaachiwa farasi kwa mara ya kwanza. Kuosha, kulisha na kuchokora kwato mmeshajifunza au mtafundishwa. Kuachiwa ni kazi nyingine kabisa. Nilichelewa kulijua hilo, na lilinikuta usiku.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Madam na mume wake waliondoka jioni kwenda uwanja wa ndege, safari ya Uingereza, wiki tatu. Saa nne usiku nikapita mabandani na tochi kabla ya kulala. Pilipili, farasi maksai mwekundu mwenye soksi moja nyeupe, hakuwa amegusa nyasi zake. Alikuwa anapara chini kwa mguu wa mbele, halafu anageuza kichwa na kutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka huko nyuma. Shingo imelowa jasho na usiku ulikuwa wa baridi. Nikamulika sakafu: mavi ya tangu mchana ni mafungu mawili tu, tena makavu. Koliki, yaani maumivu makali ya tumbo.

Mpaka hapo nilifanya sawa. Nilitoa chakula chote bandani, nikampigia daktari, nikamtembeza polepole asije akajibwaga na kugaagaa. Daktari akafika, akamdunga sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani mpaka tumboni kutoa maji na gesi, kwa sababu farasi hawezi kutapika na tumbo likijaa sana linaweza kupasuka. Akatulia. Saa nane usiku maumivu yakarudi, makali kuliko ya kwanza. Daktari akafuta mikono, akaniuliza, "Mwenyewe anataka twende mpaka wapi? Na ikishindikana, nani anaamua?"

Nikashika simu. Mteja hapatikani. Kutoka Nairobi mpaka London ni saa nane au tisa angani, na mume alikuwa kiti cha pembeni yake, kwa hiyo hakuna aliyebaki chini. Ndugu zao sikuwa na namba hata moja. Tukakaa pale, daktari na mimi, tukimtazama farasi wa mtu akiumia, na hakuna kati yetu aliyekuwa na mdomo wa kusema endelea au acha.

Pilipili alipona, na sifa si yangu. Saa kumi na moja alfajiri alijamba, kisha akanya. Sijawahi kufurahia ushuzi wa kiumbe yeyote kama siku ile.

Tangu hapo siachiwi farasi bila barua. Karatasi moja tu, imeandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, nakala moja kwangu na nyingine kwa daktari. Ndani yake mna jina na namba ya daktari, na namba ya daktari wa pili endapo wa kwanza naye amekwenda Diani na wanawe. Mna jina la mtu aliye nchini, mtu mzima, atakayeamua ikiwa mwenyewe hapatikani kwa saa moja. Mna kiasi cha shilingi ambacho daktari anaweza kutumia bila kumuuliza mtu. Na mna lile ambalo hakuna anayetaka kuliandika: daktari akisema hakuna tumaini, farasi apumzishwe, yaani auawe asiteseke, au asubiriwe mwenyewe? Kama farasi ana bima, iandikwe pia namba ya kampuni, maana wengine hukataa kulipa kama hawakuarifiwa mapema.

Namna ya kuuliza ina adabu yake. Usimfuate Madam siku ya kufunga masanduku ukamwambia, "Pilipili akifa tufanyeje?" Atasikia kama unamwombea mabaya. Mimi huanza wiki mbili kabla, tukiwa tumesimama bandani na farasi mwenyewe yupo: "Madam, nikikupigia nikakukosa, ungependa nimsikilize nani?" Swali hilo hufungua mengine yote. Na uliza mume na mke wakiwa pamoja. Nimeona nyumba ambayo mmoja alisema tumia chochote na mwingine akasema usizidi elfu thelathini, na wote wawili walidhani wameshakubaliana.

Madam wa Pilipili mwaka uliofuata aliandika barua yake kwa kalamu ya bluu, mistari sita. Wa mwisho ulikuwa: "Kama haiwezekani, asiteseke. Mpe karoti kwanza." Hiyo barua haikuhitajika kamwe, lakini nilifanya kazi wiki tatu zile nikiwa na usingizi.

Kuhusu chakula, msikubali kuambiwa "zipo nyasi za kutosha." Hesabu. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Farasi watano ni kilo 50, na siku 21 ni kilo 1,050. Robota la nyasi za Boma Rhodes likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 70. Mimi naagiza 85, kwa sababu Krismasi wauzaji wanafunga, mvua ikinyesha lori linakwama, na siku zote kuna marobota mawili matatu yenye ukungu katikati ambayo hayaliwi. Lifungue robota, linuse, litikise. Likitoa vumbi jeupe lipeleke nje. Maji nayo ni lita 25 mpaka 50 kwa kila farasi kwa siku, kwa hiyo uliza tangi lina ukubwa gani na nani anayejua kuwasha jenereta ya pampu stima ikipotea.

Chakula kikipungua, jirani mwema atakuja na gunia la chakula cha ng'ombe au cha kuku. Mshukuru na ukatae. Baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa na dawa iitwayo monensini. Ng'ombe na kuku inawafaa. Farasi inampiga moyo, na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Mahindi yenye ukungu nayo huharibu ubongo wa farasi. Bora ale nyasi tupu wiki nzima kuliko kula kitu usichokijua.

Sasa ugonjwa. Watu wengi hawaoni kwamba likizo zetu na magonjwa ya farasi vinakuja pamoja. Desemba inafuata mvua fupi, Aprili iko katikati ya mvua ndefu, na mvua ndizo zinazoleta usubi, wale wadudu wadogo wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Usubi hutoka jioni jua likizama na alfajiri kabla halijapanda. Kwa hiyo farasi wanaingia saa kumi na moja jioni na hawatoki mpaka saa mbili asubuhi, hata kama nyasi za nje zinang'aa, hata kama mtoto wa jirani anataka kuwaona. Kabla mwenyewe hajaondoka, fungua kadi ya kila farasi uone tarehe ya chanjo. Ikiwa muda umepita au unaisha katikati ya safari, mwambie leo. Daktari asiitwe kuchanja wakati mwenyewe yuko Heathrow.

Kipimajoto kiwe chako. Usitegemee cha bosi ambacho betri yake ilikufa mwaka jana. Farasi mzima ana joto la nyuzi 37.5 mpaka 38.5, moyo wake akiwa ametulia hupiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, na pumzi ni 8 mpaka 16. Wiki ya kabla ya safari, pima kila farasi asubuhi na jioni uandike, kwa sababu kila mmoja ana kawaida yake. Nilikuwa na jike mzee ambaye hakuwahi kuvuka 37.6, siku aliyofika 38.4 kitabu kingesema mzima, na mimi nilipiga simu. Ilikuwa homa ya kupe. Ufizi ulikuwa umeanza kuwa wa manjano kama ndani ya ganda la embe.

Ukiona mashimo juu ya macho yamejaa na kuvimba, au povu linatoka puani na farasi anavuta pumzi kwa shida, hiyo si ya kusubiri kesho. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Muuzaji wa agroveti siye. Na usichome sindano yoyote kwa sababu kaka yako alikuelekeza kwa simu.

Mapicha ya WhatsApp mtayaombwa kila siku, na ni haki yao. Pangeni saa moja maalumu. Mimi hutuma saa mbili na nusu asubuhi, baada ya kuwatoa: picha moja ya kila farasi akiwa amesimama, miguu yote minne ionekane, na maneno machache. "Habari za asubuhi Madam. Wote wamekula wakamaliza. Joto 37.8, 38.0, 37.6, 37.9, 38.1. Kiatu cha nyuma cha Pilipili kimelegea, fundi anakuja Jumatano." Likitokea baya, anza na mambo uliyoyafanya kabla hujasema la kutisha. Kijana mmoja niliyemfundisha alituma saa tisa usiku "MADAM FARASI AMEANGUKA" halafu simu ikazima chaji. Farasi alikuwa amelala tu, kama farasi wanavyolala. Yule mama alikaa macho mpaka asubuhi katika nchi ya watu.

Usifiche kitu, hata kidogo. Mkwaruzo mdogo ukiusema siku ile ni mkwaruzo. Ukionekana siku ya kurudi unakuwa uongo.

Usiku wa tarehe 31 ni wako, usipange kwenda popote. Nairobi inapasuka fataki saa sita usiku, na farasi aliye nje anaweza kupita kwenye uzio wa waya kama haupo. Wote ndani mapema, nyasi nyingi, taa iwake, redio iwe na sauti ya wastani tangu saa tatu ili masikio yazoee kelele. Nami huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mabanda. Wananisikia nikiongea, basi.

Wageni watakuja. Binamu, rafiki wa binti, mtu ambaye "Madam alisema naweza kupanda." Labda alisema kweli. Lakini uwe na orodha ya wanaoruhusiwa, iliyoandikwa na mwenyewe, ibandikwe mlangoni pa chumba cha matandiko. Asiyekuwemo, mwambie kwa heshima kwamba utampigia Madam kwanza. Tisa kati ya kumi hapo hukumbuka kuwa wana shughuli.

Na wewe mwenyewe je? Hapa masaisi wengi tunanyamaza, halafu tunalalamika Januari. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo ukishatimiza mwaka. Farasi hawajui Krismasi, ni kweli, kwa hiyo lazima wawepo watu wawili. Nani atakushikia Jumapili, na nani atamlipa? Yaulize hayo siku ile ile mnapoandika barua. Huyo wa kukushikia aje siku tatu kabla ya safari, awashike farasi wote mmoja mmoja ukimtazama, ajue yupi anauma akifungwa mkanda na yupi haingii bandani ila amefuata mwenzake. Kumkabidhi mtu ufunguo asubuhi ya Jumapili ukakimbilia matatu, huko ni kutupa farasi.

Fedha zibaki kwa utaratibu. Mimi hupendelea mwenyewe aache amana kwa daktari moja kwa moja, na kwangu abakize pesa kidogo za M-Pesa za nyasi na dharura ndogo. Kila risiti inaingia kwenye daftari, imebanwa kwa pini kwenye ukurasa wa siku hiyo.

Siku ya kurudi, usisubiri waje bandani wakiwa wameshapumzika. Watakuja kabla hata ya kunywa chai, nguo za ndege bado mwilini. Wape daftari baadaye. Kwanza watembeze kwa farasi mmoja mmoja, ukianza na yule mwenye habari. Mwambie, "Huyu amepungua kidogo, nimemwongezea majani ya lusini tangu Jumatatu," kabla jicho lake halijaona mbavu. Kisha hesabuni pamoja marobota yaliyobaki.