Pua kubwa, masikio yamepotea

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nachora sura za watu kwa penseli. Mama mmoja ameniagiza nimchore baba yake mzee. Nilimpiga picha saa saba mchana, simu ikiwa karibu kabisa ili nipate mikunjo yote ya uso. Nimeifuata picha kwa miraba niliyoipiga juu yake na kwenye karatasi, lakini nyumbani kwao wanasema siye: pua kubwa, masikio yamepotea, macho meusi tii. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiufute mchoro, kapige picha nyingine. Mkono wako umefuata ulichokiona.

Kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 40 kutoka puani, masikio yako sentimita 52, basi pua inatoka kubwa kuliko haki yake kwa karibu theluthi moja. Rudi nyuma hadi mita 2 na tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 6 hivi, ambayo jicho haliioni. Mikunjo usiihofie: vuta kwa lenzi ya mbali kama simu yako inayo, au ikate picha baadaye. Kinachoharibu sura ni umbali. Na simu iwe usawa wa macho yake; mzee akikaa kwenye kigoda, nawe kaa mkekani.

Macho meusi ni kazi ya jua la saa saba: liko utosini, paji la uso linaangusha kivuli machoni. Mimi hapa Bagamoyo nawapenda wazee wa Mji Mkongwe kwa milango yao. Namkalisha mtu ndani kidogo ya mlango, jua lisimguse, uso ukielekea nje nusu. Upande mmoja unapata mwanga, wa pili unaingia kivulini polepole, na hapo ndipo penseli inapata kazi. Milango inayotazama bahari naiacha hadi alasiri, maana asubuhi jua linaingia moja kwa moja.

Flashi usiwashe kabisa. Ngozi zetu nyeusi zinaonyesha umbo kwa mng'ao: kwenye paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua. Flashi inaufuta wote na kuweka doa jeupe. Mzee akivaa kanzu nyeupe na kofia, simu hupima weupe ule na kuutia uso giza. Gusa uso kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo mpaka mng'ao wa paji uwe na mipaka. Zima pia ile hali ya urembo. Inafuta mikunjo ileile uliyoifuata.

Halafu zungumza naye. Hili nalishikilia kuliko yote. Mzee akiambiwa "tulia" anakaza mdomo, na binti anamjua baba yake kwa mdomo. Muulize habari za ujana wake, mpige akisimulia, picha nyingi, za mbele na za robo tatu, yaani uso umegeuka kidogo pembeni. Chora kutoka ile nzuri, nyingine ziwe za kuulizia: sikio linaanzia wapi, kope zinaangukaje.

Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili la hati. Zikienda kama picha za kawaida hubanwa, na kope ndizo za kwanza kupotea.